Mwenzako Yuko Uarabuni: Mwongozo Kamili wa Kuilinda Ndoa Mpaka Mkataba Uishe

Wengi wanaoomba ushauri kuhusu mke au mume aliyekwenda kufanya kazi Saudia, Dubai, Oman au Qatar husimulia kisa kile kile. Miezi miwili ya mwanzo simu zilikuwa za kila siku. Mwezi wa tatu zikaanza kupungua. Wa tano yakaingia maswali ya "ulikuwa wapi", na kabla mwaka haujaisha mmoja amembloku mwingine, pesa zimesimama, na wazee wanaitwa kusuluhisha kwa spika ya simu.

Ukiwasikiliza vizuri unakuta mapenzi yalikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya mambo matatu: mnazungumza lini, mmoja akinyamaza maana yake nini, na mshahara unagawanywaje. Yasipopangwa, kila upande hujijazia majibu, na mtu mpweke huanza na jibu baya kuliko yote.

Mwongozo huu ni wa wanandoa, na wachumba walioahidiana, ambao mmoja amebaki Afrika Mashariki na mwingine yuko Ghuba kwa mkataba, mara nyingi wa miaka miwili. Kama mwenzako bado anafungasha, anzeni leo mkiwa mmekaa pamoja. Kama ameshaondoka, fanyeni kwa simu, hatua moja kwa wiki. Msizirundike zote usiku mmoja, kwa sababu aliye kule amechoka na hamtafika mbali.

## Vya kuandaa kabla ya hatua ya kwanza

- Picha za pasipoti, viza, tiketi na mkataba wenye sahihi. Akishapata kitambulisho cha ukaazi (Saudia wanakiita ikama), nacho kipigwe picha. Kila mmoja awe na nakala zote, na nakala nyingine ihifadhiwe kwenye barua pepe, maana simu hupotea.
- Jina kamili la mwajiri, mji, mtaa na namba yake ya simu. Pia jina la wakala aliyempeleka na la ofisi iliyompokea kule. Kenya, wakala awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA). Tanzania Bara, ulizeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira.
- Namba ya ubalozi wenu. Kenya na Tanzania zina balozi Riyadh, Abu Dhabi, Doha, Muscat na Kuwait.
- Njia mbili za kuwasiliana zisizotegemeana, kwa mfano WhatsApp na namba ya kawaida ya kule. Njia moja ikifa, ya pili iwepo.
- Mtu wa tatu mmoja mnayemwamini nyote wawili. Awe mtu anayetunza siri na asiyefaidika mkigombana.
- Akaunti ya benki au SACCO yenye jina la aliyekwenda.
- Daftari moja kila upande. Makubaliano yaliyosemwa mdomoni tu hubadilika kila mtu anapoyakumbuka.

## Hatua ya 1: Ijue siku yake

Kabla ya kupanga saa ya simu, mwombe akusimulie siku yake moja kwa ujumbe wa sauti, tangu anapoamka hadi anapolala. Iandike. Wewe uliyebaki fanya vivyo hivyo, kwa sababu naye hajui kwamba siku hizi unaamka saa kumi kumwandaa mtoto wa shule.

Tofauti ya saa si kubwa. Riyadh, Doha, Kuwait na Manama zina saa ile ile ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja. Aliye Bukavu, Kigali au Bujumbura yuko nyuma ya Riyadh kwa saa moja na nyuma ya Dubai kwa saa mbili.

Kinachowachanganya watu ni ratiba ya nyumba. Familia nyingi za Ghuba hukesha. Chakula cha usiku kinaweza kuliwa saa nne au saa tano, na anayeosha vyombo akamaliza saa saba. Ijumaa na Jumamosi ni wikendi Saudia, Oman, Qatar na Kuwait, lakini kwa mfanyakazi wa nyumbani Ijumaa mara nyingi ndiyo siku nzito kupita zote: ndugu wa bosi wanakusanyika, sufuria kubwa zinatolewa, watoto wa watu wamejaa ukumbini. Falme za Kiarabu (ndiko iliko Dubai) zilihamishia wikendi yao Jumamosi na Jumapili mwezi Januari 2022, na Ijumaa ofisi za serikali hufanya nusu siku. Mwezi wa Ramadhani usiku hugeuka mchana, kazi inaanza na maandalizi ya futari na kwenda mpaka daku.

Dereva ana siku nyingine kabisa. Simu anayo mkononi, lakini masikio yako kwa bosi. Mlinzi yuko kwenye zamu. Anayefanya ujenzi Dubai kwenye jua hupumzishwa kisheria kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba. Wengi huutumia muda huo kulala, na ni haki yao, ila ujumbe mfupi unaweza kupita.

Ulizeni pia haki zake. Sheria ya Qatar ya 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kwa wiki na kazi isiyozidi saa 10 kwa siku. Sheria ya Falme za Kiarabu ya 2022 inataka apumzike angalau saa 12 kwa siku, 8 kati ya hizo zikiwa mfululizo. Kisha muulize anachokipata kweli, na ratiba yenu muijenge juu ya hicho anachokipata.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kusema, bila kumuuliza, saa hizi anafanya kazi gani, na yeye aweze kusema hivyo juu yako.

## Hatua ya 2: Wekeni simu moja ndefu na salamu fupi za kila siku

Kosa la kwanza ni kuahidiana simu ndefu kila siku. Ahadi hiyo inavunjika wiki ya tatu, na kila siku inayopita bila simu huhesabiwa kuwa deni. Chagueni simu moja ndefu kwa wiki, siku na saa maalumu, mkifuata ratiba mliyoiandika. Siku nyingine zote iwe salamu mbili: moja ya kuamka, moja ya kulala. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika unatosha. Sauti inabeba mengi kuliko maandishi. Utasikia kama ana mafua, kama amelia, kama yuko jikoni.

Kuhusu mtandao, kuna mambo ya kujua ili msigombane bure. Falme za Kiarabu zimezuia simu za sauti na za video za WhatsApp. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita. Wengi huko hutumia Botim, programu ya kupigiana simu ambayo imeruhusiwa. Oman na Qatar nako simu za WhatsApp huzuiwa au hukatikakatika. Saudia ililegeza marufuku yake mwaka 2017. Kwa hiyo mtu wa Dubai akikwambia "WhatsApp haipigi" hakudanganyi.

Onyo kuhusu VPN, yaani programu inayoficha unakopitia mtandaoni. Kule Dubai watu huambiana kwamba dawa ni VPN. Sheria ya nchi hiyo inaadhibu anayeitumia kutenda kosa, na faini yake inaanzia dirham 500,000. Usimsukume mwenzako huko kwa ajili ya kuona uso wake. Tumieni programu iliyoruhusiwa.

Onyo kuhusu kamera. Usimwambie "nionyeshe hiyo nyumba". Sheria za makosa ya mtandao za Saudia na Falme za Kiarabu ni kali kwa anayepiga picha watu bila ridhaa yao, na mtoto wa bosi akipita nyuma ya kamera mwenzako anaweza kushtakiwa au kufukuzwa. Azungumze akiwa chumbani kwake, mgongo ukiwa ukutani.

Onyo kuhusu picha za faragha. Najua hamu ipo, na si aibu. Lakini picha ya utupu kule ni kosa la jinai, na huku nyumbani simu huibwa, hukopeshwa, hupelekwa kwa fundi. Semeni kwa maneno. Waswahili tuna maneno ya kutosha ya kumfanya mtu acheke peke yake gizani.

Simu ndefu ya wiki isiwe kikao cha matatizo. Dakika kumi za mwanzo zungumzeni mambo ya kawaida: nani kaoa mtaani, mvua imeanza au bado, Simba na Yanga au Gor na AFC wamefanyaje. Mambo mazito yaje katikati. Malizieni na jambo mnalolisubiri pamoja. Wapo wanaosoma juzuu moja au sura moja ya Biblia wote wawili wiki nzima, kisha wanaizungumzia siku ya simu. Wengine hupika chakula kile kile na kula pamoja kwa video. Fanyeni mnachokipenda, mradi mpate kitu cha kuzungumza kisichohusu pesa wala shida.

Utajua umefaulu mwezi wa pili ukiisha na hakuna aliyeuliza "mbona hukupiga", kwa sababu kila mtu anajua simu ni lini.

## Hatua ya 3: Andikeni kanuni ya ukimya

Hapa ndipo ndoa nyingi zinapovunjikia, kwa hiyo tulieni. Siku moja mwenzako atanyamaza. Swali si kama atanyamaza, ni lini.

Sababu ni nyingi, na nyingi hazihusu mapenzi. Bosi amechukua simu. Nywila ya waifai imebadilishwa. Bando limeisha na mshahara haujatoka. Familia imesafiri Makka au nje ya nchi na kumchukua bila taarifa. Anaumwa. Amehamishiwa nyumba ya dada wa bosi. Huku nyumbani pia: umeme umekatika siku mbili, simu imeibwa kwenye matatu au daladala, laini imefungiwa.

Kwa hiyo andikeni kanuni hii, au inayofanana nayo, kila mtu kwenye daftari lake:

Saa 24 za kwanza: hakuna lawama. Unaruhusiwa ujumbe mmoja tu wa heri: "Sijakusikia leo, nakuombea, nitakusubiri." Anayerudi na kukuta jumbe arobaini za matusi hujuta kuwasha simu, na safari ijayo atachelewa zaidi kuiwasha.

Saa 24 hadi 48: njia ya pili. Piga namba ya kawaida. Muulize rafiki yake wa kule kama unaye. Bado hakuna kumtuhumu.

Saa 48 hadi 72: mtu wa tatu anaingia. Yeye ndiye ampigie wakala, kwa sababu hana hasira na wakala hamjui kama "mume msumbufu". Aulize mambo mawili tu: mmezungumza naye lini mara ya mwisho, na yuko nyumba gani sasa.

Baada ya saa 72: maandishi. Mwandikieni wakala barua pepe au WhatsApp yenye namba ya pasipoti, nakala ya mkataba na tarehe ya mawasiliano ya mwisho. Pelekeni nakala ubalozini na kwa NEA au TaESA. Zile nakala mlizoandaa mwanzo zinafanya kazi yake sasa. Aliye na karatasi mkononi hushughulikiwa mapema kuliko anayeanza kutafuta jina la mwajiri.

Ongezeni sentensi ya siri, ile ambayo mtu mwingine akiisikia haimwambii kitu. Kwa mfano amuulizie shangazi ambaye hamna. Maana yake: niko hatarini na siwezi kusema. Ikitamkwa, zile saa zote zinafutwa, mnakwenda moja kwa moja kwa wakala na ubalozi. Sheria za Saudia na Qatar zinamkataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, lakini hutokea, na mtu aliyenyang'anywa pasipoti na anayesikilizwa kila akipiga simu anaihitaji sentensi hiyo.

Halafu kanuni ambayo sitaki mwiruke: msibloku namba, kamwe, hata mkigombana vipi. Namba iliyoblokiwa inafanana kabisa na simu iliyonyang'anywa. Ukimbloku mwenzako kwa hasira ya Jumatatu, Jumatano akiwa hatarini kweli hana pa kupiga. Na ukizoea kublokiwa, siku atakaponyamaza kwa ajali utasema "ameanza tena" na kulala. Mtu mwenye hasira aseme: "Nimekasirika, nitarudi kesho saa tatu usiku." Hilo linatosha, na linaheshimiwa.

Msifuatilie alama za simu. Kuona "mtandaoni" saa nane usiku si ushahidi wa kitu. Huenda ndiyo kwanza amemaliza kazi, au anatazama picha za watoto.

Utajua umefaulu ukimya wa kwanza ukija na kuondoka bila neno la kuumiza kusemwa.

## Hatua ya 4: Gawanyeni pesa kabla haijafika

Miezi mitatu ya mwanzo iwekeni pembeni. Mshahara wa kwanza huweza kuchelewa, na mara nyingi kuna madeni ya safari. Kubalianeni kwamba nyumbani hakutaombwa kitu kisichokuwa chakula, karo au dawa mpaka mishahara mitatu itoke. Aliyebaki awaambie ndugu yeye mwenyewe. Hii ni kazi yake, na ni njia ya kweli ya kumlinda aliyekwenda. Mama mkwe akiambiwa na mwanawe "bado mapema, mama, tuvumilie" atakubali. Akiambiwa na mkwe kutoka Riyadh atanuna.

Kisha mshahara uingie mafungu matatu:

La nyumba. Chakula, kodi, karo, matibabu. Kiasi maalumu, tarehe maalumu. Karo ilipwe moja kwa moja shuleni kila inapowezekana: Kenya kwa namba ya malipo ya M-Pesa (Paybill), Tanzania kwa akaunti au namba ya malipo ya shule. Anayelipa moja kwa moja hana haja ya kumhoji aliyebaki, na aliyebaki hana haja ya kujitetea.

La mradi. Kiwanja, nyumba, mtaji. Mradi mmoja kwa wakati.

La aliyekwenda. Hili watu hulisahau, na nalipigania. Liingie kwenye akaunti yenye jina lake, na lisiguswe. Mwajiri akigoma kulipa tiketi, au mkataba ukivunjika mwezi wa nane, fungu hili ndilo linalomrudisha nyumbani. Mume anayemwambia mke "tuma zote, mimi nitakuwekea" huenda ana nia njema. Afungue akaunti hiyo hata hivyo.

Tumeni mara moja kwa mwezi. Kila muamala una ada yake na kiwango chake cha kubadilisha fedha, kwa hiyo kutuma mara nne kiasi kidogo kidogo ni kuzilisha kampuni za kutuma pesa. Linganisheni kampuni mbili au tatu mkiangalia jambo moja: shilingi ngapi zinafika mkononi baada ya makato yote. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa 3.75, dirham kwa 3.6725, na riyali moja ya Oman ni dola 2.60 hivi. Hizo hazichezi. Inayopanda na kushuka ni shilingi yetu, kwa hiyo mwezi huu zikifika pungufu na kiasi kilichotumwa ni kile kile, angalieni bei ya dola kabla hamjatiliana shaka.

Kuhusu ujenzi, machozi ni mengi kiasi kwamba lazima niseme wazi. Aliye kule anatuma miaka miwili, anarudi anakuta msingi na nyasi. Wakati mwingine ni wizi. Mara nyingi pesa zilitumwa bila mpango, zikaliwa na maisha. Fanyeni hivi:

1. Pata makadirio ya fundi kwa maandishi, yakigawanywa: msingi, kuta, linta, paa.
2. Tumeni pesa ya sehemu moja tu. Inayofuata haitumwi mpaka iliyotangulia imeonekana.
3. Vifaa vilipwe dukani, risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo.
4. Yule mtu wa tatu akatembelee kiwanja kila sehemu ikiisha, apige video akizunguka.

Hati iandikwe kwa majina yenu wawili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja ni yake peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukulia kwamba haki zao ni sawa. Kenya, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 ni laini zaidi kwa asiyeandikwa, lakini majina mawili bado yanawaepusha na mahakama. Aliye kule akishindwa kuja kutia sahihi, aandae hati ya kumpa mtu uwezo wa kisheria, ithibitishwe ubalozini. Afanye hivyo kwa jambo moja lililotajwa, si kwa mali zake zote.

Utajua umefaulu mwezi wa sita: mafungu yote matatu yana kitu, na aliyebaki anatuma picha za risiti bila kuombwa.

## Hatua ya 5: Gombaneni kwa sauti, si kwa maandishi

Mtagombana. "Sawa" iliyoandikwa na mtu aliyechoka husomwa kama dharau. Ugomvi ukianza kwenye maandishi, mmoja aandike: "Hili tuliongee." Subirini simu. Kama hakuna nafasi siku hiyo, tumianeni ujumbe wa sauti mmoja mmoja, usiozidi dakika mbili, na anayepokea asikilize mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Jambo moja kwa ugomvi mmoja. Ugomvi wa pesa usiingizwe mambo ya mama mkwe, na wa mama mkwe usifukue mambo ya 2019.

Kuhusu umbea: mtaani wataleta habari, "mkeo kaonekana na fulani", "mumeo ana mwanamke". Mwambieni kila mleta habari kwamba mtamwambia mwenzenu leo hii hii, na kwa jina la aliyeileta. Wengi hurudi nyuma hapo hapo. Kisha mwambie mwenzako kweli, kwa utulivu: "Nimeambiwa hivi, nataka kuisikia kwako." Habari inayokaa moyoni wiki mbili huwa ndoa nyingine ndani ya ndoa.

Na kama ni wewe uliyeanza kuzoeana na mtu kupita kiasi, vunja mapema, kabla hujawa na cha kuficha. Upweke ni mzigo halisi. Mwambie mwenzako "nimelemewa na upweke mwezi huu". Neno hilo linasemeka kwenye ndoa, na likisemwa huleta simu ya ziada.

## Hatua ya 6: Mtoto amjue mzazi wake kwa sauti

Mtoto aliyeachwa na miaka miwili hatakimbilia simu. Atakataa kusema, atalia, na aliye kule ataumia kimoyomoyo. Msimlazimishe. Mtoto asikilizishwe sauti fupi ya mzazi aliye mbali kila usiku wakati ule ule, akiwa kitandani: dua, wimbo, au hadithi ya sungura na fisi kipande kipande. Baada ya wiki kadhaa ataanza kuidai.

Kwa watoto wakubwa, aliye mbali abakiziwe maamuzi yake halisi. Ruhusa ya safari ya shule iombwe kwake. Ripoti ya mtihani atumiwe yeye kwanza. Asiwe mtu wa kutuma viatu vya sikukuu tu.

Onyo kwa aliyebaki: usimtumie mtoto kama mjumbe. "Mwambie mama yako hakuna unga" ni sentensi inayomfundisha mtoto kwamba mama yake ni duka.

## Hatua ya 7: Tarehe ya mwisho iamuliwe mwezi wa 18

Mkataba wa miaka miwili ukifika mwezi wa 23, bosi atasema "ongeza", deni fulani litakuwa limebaki, na mtaamua kwa hofu. Amueni mwezi wa 18, mkiwa na daftari mbele. Andikeni masharti ya kurudi yanayohesabika: deni limeisha, paa limewekwa, mtaji wa kiasi fulani upo benki. Masharti yakitimia, anarudi. Yasipotimia, ongezeni muda unaojulikana, na sababu iandikwe. "Mwaka mmoja tu" bila sharti ni jinsi miaka miwili inavyokuwa minane.

Kama anaongeza mkataba, likizo iwe sharti. Saudia, mfanyakazi wa nyumbani anayeendelea baada ya miaka miwili ana haki ya likizo ya mwezi mmoja yenye malipo. Tiketi isinunuliwe mpaka viza ya kutoka na kurudi iwe imetoka, kwa sababu tarehe za bosi husogea.

Ikiwa mwenzako ana kazi ya mshahara mzuri zaidi, angalieni njia ya wewe kumfuata. Falme za Kiarabu humruhusu mfanyakazi kuleta familia akipata dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na makazi. Pigeni hesabu ya kodi na shule za kule kabla ya kufurahi.

## Hatua ya 8: Akirudi

Mwezi wa kwanza nyumbani una ugumu wake, na wengi hawakuutarajia. Aliyerudi anaamka usiku kwa mazoea ya kule. Anapika chakula kingi mno. Aliyebaki amezoea kuamua peke yake, na sasa kuna mtu anauliza sufuria ilihamishwa kwa nini.

Siku tatu za mwanzo zuieni wageni, isipokuwa wazazi. Ndugu waambiwe mapema kuwa karamu ni wikendi inayofuata, na kwamba hakuna orodha ya zawadi. Hesabu za pesa zifunguliwe baada ya wiki moja, mchana, na daftari zote mbili mezani.

Kabla ya kurudi chumba kimoja, nendeni mkapime afya pamoja, ikiwemo virusi vya UKIMWI. Mkubaliane hili angali kule, ili lisionekane tuhuma siku ya kufika. Vituo vya serikali Kenya na Tanzania hupima bila malipo, na wanandoa wanaweza kuingia chumba cha ushauri kwa pamoja.

Kazi za nyumbani zigawanywe upya kana kwamba mnaoana leo: nani analipa umeme, nani anakwenda kikao cha shule, nani anaitwa mtoto akiumwa usiku. Kama baba ndiye aliyekuwa akimsuka binti miaka miwili na binti anapenda, aendelee kumsuka.